Fahamu: Madogo wa Lugazi walivyoiingiza Afrika kwenye besiboli ya dunia

Ukitaja besiboli Afrika Mashariki, wengi watakuuliza, "Ule mchezo wa Wamarekani wa gongo na glavu?" Ndiyo, huo huo. Lakini mwaka 2012, watoto kutoka mji mdogo wa Uganda waliandika historia ambayo haikuwahi kuandikwa na timu yoyote ya Afrika.

Mji huo ni Lugazi, uliopo kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja. Unajulikana zaidi kwa miwa na kiwanda cha sukari, kama TPC ilivyo kwa watu wa Moshi.

Michuano yenyewe ni ipi?

Inaitwa Little League World Series. Hufanyika kila Agosti mjini South Williamsport, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwaka 2012 zilishiriki timu 16: nane za Marekani na nane za nchi nyingine. Wachezaji walikuwa wa umri wa miaka 11 hadi 13.

Mechi ina awamu sita badala ya tisa za wakubwa. Katika kila awamu timu moja inapiga na nyingine inazuia, kisha wanabadilishana. Mpigaji akizunguka vituo vyote vinne na kurudi alipoanzia, timu yake inapata pointi.

Kilio cha 2011

Safari haikuanza kwa furaha. Mwaka 2011, timu nyingine ya Uganda, Rev. John Foundation ya Kampala, ilitwaa ubingwa wa kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika katika michuano iliyofanyika Kutno, Poland. Tiketi ya Marekani ilikuwa mkononi.

Halafu viza zikagoma. Maofisa wa Marekani walisema taarifa za umri na kuzaliwa za baadhi ya watoto hazikulingana. Nafasi ikaenda kwa Dhahran ya Saudi Arabia, timu ambayo Waganda walikuwa wameifunga.

Kisa hakikuishia hapo. Watoto wa Langley, Canada, ambao wangekutana na Uganda kwenye mechi yao ya kwanza, walifunga safari hadi Uganda Januari 2012 ili mechi hiyo ichezwe. Nyota wa Ligi Kuu ya Marekani, Jimmy Rollins, naye alikwenda.

2012: Hatimaye Williamsport

Miezi michache baadaye ikawa zamu ya Lugazi. Wakashinda kanda, nyaraka zikakubalika, wakapanda ndege. Wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali hizo.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Panama iliwachapa 9-3, kisha Mexico ikawapiga 12-0. Timu nyingine ingekata tamaa, ila hawa hawakukunja jamvi. Katika mechi ya faraja, inayowakutanisha walioondolewa mapema, waliifunga Gresham ya Oregon, Marekani, kwa 3-2.

Mwaka 2015, Uganda ilirudi na kuifunga Jamhuri ya Dominika 4-1. Huu haukuwa ushindi wa faraja, ulikuwa wa mashindano yenyewe, na ulikuwa wa kwanza kwa Afrika. Tena dhidi ya nchi ambayo besiboli kwao ni kama soka kwetu.

Siri yao ni nini?

Kwanza, viwanja. Mmarekani Richard Stanley alisaidia kujenga viwanja na shule iliyoweka besiboli katikati ya malezi ya wanafunzi. Pili, kuanza mapema: mtoto aliyezoea kurusha na kudaka tangu mdogo hahangaiki akikua. Tatu, somo la 2011 kuhusu nyaraka.

Hili la tatu linagusa kila mzazi, hata wa Kilema. Kipaji bila cheti cha kuzaliwa kinaweza kuishia getini. Kwa Tanzania, vyeti hivyo vinatolewa na RITA, na ni rahisi zaidi kumsajili mtoto akiwa mchanga kuliko kuanza kukimbizana na makaratasi akiwa na miaka 12 na safari ni wiki ijayo.

Mlango umefunguka

Matunda yameanza kuonekana. Mwaka 2022, klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka 2023, Pittsburgh Pirates wakamchukua mrushaji David Matoma. Mikataba ya aina hii huanzia ligi za chini, kwa hiyo kibarua cha kupanda bado ni kirefu.

Na Tanzania je?

Besiboli ipo, na imekua mashuleni kwa msaada wa Wajapani. Kitovu chake ni Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, penye uwanja uliopewa jina la Koshien, uwanja maarufu wa Japani ambako shule za sekondari huchuana.

Kwa maeneo ya miteremko kama Kilema, ambako kupata uwanja mkubwa tambarare siyo mchezo, kuna njia nyepesi: Baseball5. Kila upande una wachezaji watano, wavulana kwa wasichana. Hakuna gongo wala glavu. Mpira wa raba unapigwa kwa mkono. Kutoka kituo kimoja hadi kingine ni mita 13 tu, na mechi ina awamu tano. Mchezo huu umepangwa kuwa wa medali kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ya kwanza kufanyika Afrika.

Mpira mmoja, uwanja wa shule na mwalimu mwenye moyo vinatosha kuanzia. Lugazi nao walianza hawajulikani.