Jinsi ya Kujiundia Mashine ya Kuvunja Kimera Kejani, na Venye Posho Mill Inaweza Kukuangusha

Kama ushawahi kujaribu kupika busaa ama bia ya mtama kejani ikatoka kama uji umelala, usiharakishe kulaumu maji ama hamira. Mara nyingi shida iko nyuma kabisa, kwa kusaga.

Mimi niliijua hii rada the hard way. Nilipeleka kimera cha mtama kwa posho mill ya mtaa, nikarudi na unga laini kama wa chapati. Nilipomwaga maji moto, unga ukashikana mabonge. Nilipofika kuchuja, kitambaa kikaziba. Jioni nzima nikakamua kitambaa kama mtu anafua, na nilichopata hakingejaza jagi.

Somo ni moja: kimera hakitaki kusagwa, kinataka kuvunjwa. Na mashine ya kuvunja unaweza kuundiwa na mafundi wa hapa tu.

Kwanza, kimera ni nini?

Ni nafaka iliyoloweshwa, ikaota, ikakaushwa. Ikiota, inatengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, halafu hamira inakula hiyo sukari na kutoa pombe. Busaa ya Magharibi hutumia kimera cha wimbi, kinachanganywa na unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa juu ya bati. Bia za kiwandani nyingi ni shayiri, lakini Senator Keg hutengenezwa na mtama.

Muratina na mnazi weka kando. Moja ni ya asali ama sukari, ingine ni utomvu wa mnazi, hakuna nafaka ya kuvunja.

Ukivunja punje vipande vitatu ama vinne, maji yanaingia ndani na bado yanapata njia ya kutoka. Ukiiacha nzima, sukari inabaki imefungiwa. Ukisaga laini, unapata simenti. Shayiri ina sababu ingine: maganda yake ndiyo chujio wakati wa kutenga maji, kwa hivyo yakisagwa yote umejikata mguu. Mtama na wimbi hazina hayo maganda, so hapo lazima uchuje na kitambaa ama mfuko.

Utahitaji nini

- Chuma mviringo, imara (sio bomba), kipenyo milimita 50, urefu karibu sentimita 45. Hii inatoa rola mbili.
- Sahani mbili za chuma, unene milimita 12, za kushikilia rola pande zote.
- Beringi nne namba 6301 zenye mpira pande zote mbili. Ni namba ya kawaida, uliza kwa duka za spea za boda ama pale Kirinyaga Road, ile wasee bado huita Grogan. Tundu lake ni milimita 12, kipenyo cha nje 37.
- Bolti mbili za M8 na nati mbili kwa kila moja.
- Mtungi wa lita 5 uliobeba maji ama mafuta ya kupikia. Usiguse mtungi wa rangi ama kemikali, hata ukioshwa mara mia.
- Sumaku ya spika mzee ya redio.
- Mkono wa kuzungusha, ama drili ya umeme inayoweza kwenda polepole.

Chuma usinunue iliyopakwa zinki, na usichukue mabaki yenye rangi ya zamani. Rangi mzee inaweza kuwa na risasi, na mashine ikizunguka hiyo rangi inatoka ikienda kwa kinywaji. Chuma tupu ni poa, hata ikishika kutu kidogo unaisugua.

Hatua kwa hatua

1. Peleka chuma kwa fundi mwenye mashine ya kukereza. Kamukunji na Gikomba wako wengi. Mwambie akate vipande viwili, kila kimoja kiwe na sehemu nene ya milimita 150, halafu miisho ikerezwe hadi milimita 12 iingie kwa beringi. Rola moja iachwe na mwisho mrefu upande mmoja, hapo ndipo mkono ama drili itashika. Ukimaliza, kila rola inakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 2, usikose kushtuka.

2. Mwambie akwaruze sehemu nene iwe na michoro ya msalaba, kama ile ya kishikio cha bisibisi ya chuma. Hapa usiringe ukisema utaokoa ganji. Rola laini hazivuti punje, zinateleza juu yake tu.

3. Kwa kila sahani toboa matundu mawili ya beringi. La kwanza liwe kamili, milimita 37, beringi ikae ngumu. La pili liwe refu kwa upande kwa milimita 3 hivi, ndio beringi iweze kusogea. Rola yenye mwisho mrefu inakaa kwa tundu kamili, ile ingine inakaa kwa tundu refu.

4. Pembeni ya kila tundu refu ingiza bolti ya M8 inayosukuma beringi kuelekea rola ya kwanza. Nafaka ikipita inajaribu kutenganisha rola, na hiyo bolti ndiyo inazuia. Ukipata nafasi unayotaka, funga na nati ya pili isilegee.

5. Kati ya mwisho wa rola na sahani acha nusu milimita tu. Punje ya wimbi ni ndogo sana, ukiacha pengo itapitia pembeni ikienda chini nzima, ikikucheka.

6. Kata chini ya mtungi, upindue, ufunge juu ya rola. Lita 5 inabeba karibu kilo 3 za kimera. Bandika sumaku mahali nafaka inapita, ikamate misumari na vipande vya chuma.

Huhitaji kuzungusha rola zote. Unazungusha moja, nafaka yenyewe inaburuta ya pili.

Nafasi ndiyo kila kitu

Hapa ndipo wengi huchoma. Fundi wa magari ana vibamba vyembamba vya kupimia, muombe. Ukikosa, toa kadi ya ATM. Unene wake ni milimita 0.76, na ukiwa umesota angalau hapo itafanya kazi.

- Shayiri: anza na milimita 1 hadi 1.2.
- Mtama: anza na nafasi ya kadi ya ATM.
- Wimbi: kaza zaidi, karibu nusu milimita.

Pima pande zote mbili za rola, kushoto na kulia, ziwe sawa. Halafu pitisha kikombe kimoja, mwaga kwa sahani nyeupe, uangalie. Ukiona punje nzima, kaza robo mzunguko. Ukiona vumbi jingi kuliko vipande, legeza. Usiamini namba kuliko macho yako.

Kwa drili, mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika inatosha. Ukienda mbio unasaga unga, na umerudi kwa posho mill.

Kabla ya kusaga

Pepeta kwa uteo na utoe mawe. Jiwe moja linaharibu michoro uliyolipia.

Kama ni mtama, kuwa serious na hii: chipukizi na mizizi midogo ya mtama ulioota ina kemikali inayotoa sayanaidi. Kimera kikikauka vizuri, kisugue kwa gunia hadi vyote vitoke, upepete, ndio upeleke kwa mashine.

Nafaka yenye ukungu, tupa. Usipatie kuku pia. Sumu ya aflatoksini haitoki kwa kusaga wala kwa kuchemsha. Mwaka wa 2004, mahindi yenye hiyo sumu yaliua watu 125 hapa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Hao walikuwa wanakula ugali wa kawaida tu nyumbani.

Rola mpya zina mafuta ya fundi. Osha na sabuni, kausha haraka, halafu pitisha kilo moja ya nafaka rahisi na uitupe. Baada ya hapo usioshe na maji tena, tumia brashi kavu.

Fanya kazi nje. Vumbi la nafaka linaweza kushika moto, so hakuna sigara, hakuna jiko karibu. Funga mdomo na barakoa. Nywele na mikono mirefu ya shati weka mbali, na nafaka ikikwama usisukume na kidole. Zima, chomoa, ndio uguse. Pia usisage karibu na ndoo inayochacha, kwa sababu vumbi la kimera linabeba bakteria wa kuchachua na kinywaji chako kitageuka siki.

Na karao je?

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ilifuta ile ya zamani ya kupiga marufuku chang'aa, lakini haikusema kila mtu afungue kiwanda. Inataka leseni kwa kutengeneza na kuuza. Mashine yenyewe haina shida, ni kinywaji ndicho kina sheria. Pitia ofisi ya leseni ya kaunti yako uulize kabla hujawasha jiko. Usiuzie jirani, na mwenye hajafika miaka 18 asionje. Kukeneka chang'aa ni story tofauti kabisa na hatari zake ni tofauti, hatuko huko.

Kama hunywi, bado mashine si hasara. Kijiko cha kimera cha wimbi kwa uji mzito unaofika vuguvugu kinaufanya mwepesi na mtamu bila sukari. Muulize shosho, yeye anajua hiyo toka kitambo.

Kwa hivyo ukienda kwa fundi, usimwambie "nataka mashine ya kusaga". Mwambie unataka rola mbili zenye michoro na nafasi inayosogea. Akikuuliza ya nini, mwambie ya uji. Hautakuwa umedanganya sana.