Amri na Sheria: Funzo la Benedicto Kiwanuka

Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamkamata Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, wakamtia garini na kwenda naye. Hakurudi tena, na kaburi lake halijulikani hadi leo. Tangu mwaka 2018 Idara ya Mahakama imekuwa ikimkumbuka kwa mhadhara wa kila mwaka. Lakini kumbukumbu hiyo si ya mahakimu na mawakili peke yao. Inawahusu pia askari wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa Kiwanuka mwenyewe aliwahi kuvaa sare.

Alizaliwa mwaka 1922. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiandikisha jeshini, akafikia cheo cha sajini-meja. Vita vilipokwisha alifanya kazi ya ukarani na ukalimani katika Mahakama Kuu ya Kampala, kisha akaenda kusoma Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, na baadaye sheria mjini London. Alirudi mwaka 1956 akiwa wakili, na mwaka 1958 akachaguliwa kuwa kiongozi wa chama cha Democratic Party, yaani DP.

Katika uchaguzi wa Machi 1961 chama chake kilipata viti 43 dhidi ya 35 vya UPC. Ushindi huo ulikuwa na kasoro, kwa sababu serikali ya Kabaka ilikuwa imewataka watu wake wasusie kura, na viti karibu vyote vya Buganda vikachukuliwa na DP kwa kura za watu wachache. Hata hivyo Kiwanuka akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962, nchi ilipopata madaraka ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda.

Hakukaa katika cheo hicho hata miezi miwili. Ilikuwa imekubaliwa kwamba wabunge 21 wa Buganda wateuliwe na Lukiiko, wala si kwa kura za wananchi moja kwa moja. Aprili 1962 UPC ilipata viti 37 na DP 24. Viti vyote 21 vya Buganda vikaenda kwa Kabaka Yekka, kilichoungana na UPC. Kiwanuka aliupinga utaratibu huo kwa hoja, akashindwa, akamwachia Milton Obote ofisi. Bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, yeye hakuwa na kiti hata Bungeni.

Mwaka 1969 alitiwa kizuizini. Aliachiliwa mwaka 1971, baada ya Idi Amin kutwaa madaraka kwa nguvu za jeshi, na mwaka huohuo akateuliwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika cheo hicho. Lakini serikali hiyohiyo ilikuwa imetoa amri ya kuwapa wanajeshi uwezo wa kukamata watu bila hati. Septemba 1972 Kiwanuka aliamuru aachiliwe mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliyekuwa amezuiliwa kinyume cha sheria. Siku chache baadaye alikamatwa yeye.

Wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hakuna jeshi duniani linaloweza kusimama bila utii. Lakini mkuu naye ana mkuu wake, nayo ni sheria. Hati ya kukamata humlinda raia, na humlinda askari vilevile, kwa maana inaonyesha ni nani aliyeitoa na kwa kosa gani. Waliomchukua Kiwanuka walifuata amri isiyoweza kuonyeshwa mbele ya hakimu yeyote. Kwa kuwa majina yao yalifichwa, aibu ikaangukia sare nzima, hata kwa askari waliokuwa hawana hatia. Na raia anayeiogopa sare humficha mhalifu badala ya kumtaja.

Katiba ya mwaka 1995 iliandikwa na watu walioyajua mambo hayo. Inaagiza kwamba mtuhumiwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoifahamu, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Haki ya kuiomba mahakama iamuru mtu aliyezuiliwa aletwe mbele yake haiwezi kuondolewa kwa hali yoyote. Jeshi nalo limeagizwa lisiegemee chama chochote na liwe chini ya mamlaka ya kiraia.

Kiwanuka alitafuta madaraka kwa kura, na aliposhindwa aliyaachia. Alipopewa kiti cha hukumu, aliitumia sheria kumtetea mtu asiyekuwa ndugu yake wala wa taifa lake. Askari anayeuliza iko wapi hati, kabla ya kuugonga mlango wa mtu usiku, hapunguzi utii wake. Analinda heshima ya sare ambayo sajini-meja Kiwanuka aliivaa kabla yake.