Mshirazi Asiyetoka Shiraz

Karibu na Soni, katika milima ya Usambara Magharibi, kuna misheni ya Wabenedikto iitwayo Sakharani. Wageni wanaopanda kwenda Lushoto wanaijua kwa vitu viwili: makadamia na mvinyo. Wachache hujiuliza jina limetoka wapi. Sakarani ni neno la Kiarabu lililoingia kwenye Kiswahili, na maana yake ni mtu aliyelewa. Hilo ndilo jina la utani alilopewa Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa miongoni mwa walioivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894, kisha akamsaka Mkwawa mpaka mwisho wake mwaka 1898. Vitani, walisema, alikuwa kama mlevi. Alipoacha jeshi alikuja kulima kwenye milima hii pamoja na mkewe Magdalene, na lile jina likatoka kwa mtu likahamia kwenye ardhi. Yeye aliuawa kwenye mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Watawa waliolichukua shamba baadaye hawakulibadili jina. Kwa hiyo divai ya mapadre inatoka shamba la Mlevi, utani ambao sidhani kuna mtu aliupanga.

Usambara ina majina mengi ya namna hii. Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme ambaye hakuwahi kutia mguu hapa. Jina linakwambia nani alikuwa na nguvu ya kuita. Asili ya kitu ni habari nyingine, na hakuna mmea unaoonyesha hilo vizuri kuliko zabibu moja nyekundu ya kusini mwa Ufaransa.

Ufaransa wanaiita Syrah. Australia na Afrika Kusini wanaiita Shiraz. Ni zabibu ndogo, karibu nyeusi, yenye ngozi inayotoa mvinyo mzito wa rangi ya damu ya mzee na ukakasi unaobaki kwenye fizi. Kwao ni bonde la mto Rhône, unaoteremka kutoka Alps hadi bahari ya Mediterania. Tanzania inalimwa Dodoma, ikiwa jirani wa Makutupora, zabibu nyekundu ambayo wakulima wengi wa huko wanaifahamu zaidi.

Kwa nini Dodoma, wakati hali ya hewa ya Lushoto ndiyo iliyowakumbusha Wazungu kwao? Kwa sababu ubaridi peke yake hautoshi. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi kali na kuamka majira ya kuchipua. Huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeupangia kalenda kwa mkasi: anapogoa, mti unaanza upya. Ukishaanza, unachotaka ni jua na ukavu. Usambara una masika, una vuli, na katikati yake kuna ukungu wa asubuhi unaokaa kwenye majani mpaka saa nne. Hiyo ni karamu ya ubwiri na kuoza kwa vichala. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua na miezi mingi ya vumbi, na mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Sasa turudi kwenye jina. Juu ya mji wa Tain, kando ya Rhône, kuna kilima kiitwacho Hermitage. Simulizi linasema shujaa mmoja, Gaspard de Stérimberg, alichoka kupigana vita vya msalaba, akajenga makazi ya upweke kilimani hapo mwaka 1224, na kupanda mizabibu aliyoileta kutoka Shiraz, Uajemi. Hadithi tamu. Shida yake ni kwamba vita anavyotajwa kupigana vilikuwa dhidi ya Wakristo waliohesabiwa wazushi, hukohuko kusini mwa Ufaransa. Uajemi angeipitia wapi? Lakini Shiraz ulikuwa mji wenye sifa ya mvinyo, mji wa mshairi Hafez, na jina hilo liliuza. Mwaka 1998 watafiti wa California na Montpellier walipima vinasaba vya Syrah wakawakuta wazazi wake: Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu mbili za kusini-mashariki mwa Ufaransa. Mshirazi huyo hakuwahi kufika Shiraz.

Msomaji aliyekulia pwani ameshacheka. Sisi tuna Washirazi wetu. Masimulizi ya Kilwa yanamtaja Ali bin Hasan, mtoto wa mtawala wa Shiraz, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Kwa muda mrefu wasomi walilisoma dai hilo kama watu wa Hermitage wanavyopaswa kulisoma lao: watu wa pwani wamejitafutia babu wa mbali mwenye heshima. Na kweli heshima ilikuwamo. Zanzibar ya Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, hata mgawo wa mchele ulifuata kabila uliloandikishwa. Neno hilo likaingia kwenye siasa, likazaa Afro-Shirazi Party mwaka 1957, na halikutoka kwenye jina la chama mpaka CCM ilipoundwa mwaka 1977.

Kisha mwaka 2023 ukachapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800. Upande wa akina mama, asili ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa. Upande wa akina baba wengi, ilikuwa ya Kiajemi, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Hadithi iliyodharauliwa ilikuwa na mfupa ndani yake. Napenda mambo yalivyogeuka: mmea ulioaminiwa ulikuwa unadanganya, na watu walioshukiwa walikuwa wanakumbuka, ingawa walimkumbuka babu kuliko bibi. Lugha waliyoongea, ya Kibantu, ilimkumbuka bibi.

Milimani nako wanaye mgeni wao mwanzilishi. Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, alizaliwa kigego, meno ya juu yakitangulia, akakimbia ndugu waliotaka kumdhuru. Wasambaa walimpokea kwa ajili ya nyama, wakampa mke Bumbuli, na baada ya kuua simba akapewa utawala Vugha. Uzao wake, Wakilindi, ulitawala mpaka wakoloni walipoingia. Aliyeyaandika haya kwa Kiswahili, katika Habari za Wakilindi, ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Angalia jina lake la mwisho: Mwajemi. Mtu wa pwani mwenye jina la Uajemi, akiandika asili ya wafalme wa mlimani kwa lugha ambayo haikuwa ya Usambara wala ya Shiraz. Hakuna anayempima Mbegha vinasaba, na sioni kingepatikana nini. Watu walitaka mtawala asiye na upande katika ugomvi wa koo zao, na hadithi ya mgeni iliwapa.

Mvinyo wa Syrah una harufu ya pilipili manga. Si mfano wa kishairi tu: mwaka 2008 wanasayansi wa Australia walikipata kiini chake, rotandoni, na ndicho hichohicho kinachonukia kwenye pilipili yenyewe. Manga, kwa wazee wetu, ni Uarabuni. Lakini mmea huo ni wa Malabar, India. Waarabu waliubeba tu kwenye majahazi. Leo unalimwa Usambara Mashariki, upande wa Amani na Muheza, ukikwea miti ya kivuli, na mkulima anayeuanika juani anaendelea kuuita wa Manga.