Kivukizi, au Chombo cha Kuachia Sigara

Katika vioski vilivyojipanga karibu na stegi ya Ruiru, pale wapitapo abiria washukao kutoka Nairobi wakienda kutafuta boda boda za kuwafikisha majumbani, aghalabu utaona kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa uzi kando ya dirisha la waya, nacho hakikuwekwa kwa pambo: ni cha mnunuzi wa sigara moja moja, ambaye hutoa sarafu zake, akapokea sigara, akauvuta uzi, akawasha, akaenda zake. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imekataza sigara kuuzwa zikiwa pungufu ya kumi katika pakiti, lakini uzi ungali unaning'inia. Jioni moja, nilipokuwa nikingoja chenji yangu dirishani hapo, alifika kijana mwendesha boda boda, mwenye kioski akamnyoshea sigara kwa mazoea ya kila siku, naye akairudisha kwa mkono. "Mama, mimi siku hizi sivuti," akasema, "niko na veipu." Kisha akatoa mfukoni kijiti cha rangi ya samawati, kinene kama kidole gumba, akakitia kinywani, akavuta.

Alisema havuti, na papo hapo akavuta, wala hakuwa mwongo. Neno lake hilo lilinishughulisha njia nzima hadi Thika. Kitenzi "kuvuta" katika lugha yetu kina kazi nyingi: tunavuta kamba, tunavuta pumzi, na katika mambo ya tumbaku kilikwisha kujitwalia, tangu zama za kiko na buruma, maana ya kuingiza moshi kifuani bila ya kuutaja moshi wenyewe, hata mtu akiulizwa "wavuta?" hana haja ya kuuliza "navuta nini?". Waingereza, ambao kitenzi chao cha kuvuta sigara kimetokana na jina la moshi, walilazimika kuzua kitenzi kingine, "vape", kwa ajili ya chombo hiki kisichokuwa na moto, na mwaka 2014 wahariri wa kamusi za Oxford wakalichagua neno hilo kuwa neno la mwaka. Sisi hatukulazimika, kwa kuwa "kuvuta" hakudai moto. Na kwa sababu hiyo shida yetu ni kinyume cha yao, maana wao walikuwa na pengo, ilhali sisi tuna neno pana linalofunika mambo mawili yaliyo mbalimbali, na mtu atakaye kuacha sigara anahitaji kuyajua kila moja kwa jina lake.

Hebu tukitazame chombo chenyewe. Ndani yake mna betri, mna kijihodhi cha maji mazito, na mna waya mwembamba uliosokotwa, uliokumbatiana na pamba inayoyanyonya maji hayo. Mtu avutapo, umeme hupita katika waya, waya hupata joto la kiasi cha nyuzi mia mbili au zaidi kidogo, na maji yaliyomo pambani hugeuka mvuke. Maji hayo ni propilini glaikoli na gliserini, pamoja na ladha za matunda au mnanaa, na nikotini iliyopimwa kwa miligramu. Sigara, kwa upande wake, hufikia kiasi cha nyuzi 900 kwenye kaa lake mtu anapoivuta, na moto huo ndio uzaao lami inayoganda mapafuni, na ndio uzaao gesi ya kaboni monoksaidi, ile ile ambayo watu wa nyumba za kupanga wanaijua kwa misiba ya jiko la makaa lililolazwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa. Mwaka 1976 tabibu wa Uingereza, Michael Russell, alieleza kuwa kinachomrudisha mtu kwenye sigara ni nikotini, na kinachomuua ni lami; na Hon Lik, mfamasia wa Kichina ambaye alikuwa mvutaji na ambaye babake alifariki kwa saratani ya mapafu, alikiunda chombo hiki mwaka 2003 kwa nia ya kuitenga nikotini na moto. Nikotini yenyewe si maji ya zamzam: humfunga mtu kwa kamba ya uraibu, huendesha moyo mbio, na haifai katika ubongo wa kijana ambao bado unakua. Lakini moshi na mvuke si ndugu wa baba mmoja, na anayewachukua kuwa ndugu humnyima mvutaji habari anayoihitaji.

Sasa jina. Magazeti na nyaraka za serikali huandika "sigara ya kielektroniki", na jina hili, japo limeenea, lina ila kubwa, kwa kuwa chombo hakina karatasi, hakina jani la tumbaku, hakina kaa wala jivu, na vikiondolewa hivyo sigara haisalii sigara. Fauka ya hayo, humwambia aliyeacha sigara kwa taabu kwamba hakuacha kitu, amebadilisha sigara kwa sigara. "Veipu" ni neno la mtaani, jepesi kinywani, nami sina ugomvi nalo, ila halimfunulii msikiaji hata chembe ya maana. Wako waliopendekeza turudi kwenye hazina ya pwani, tukiite kiko cha umeme. Nami nilivutiwa na rai hiyo kwa muda, kwa kuwa wazee wa pwani waliivunja buruma, yaani kiko cha maji, kiungo kwa kiungo wakakipa kila kiungo jina lake, bori la kutilia tumbaku, digali la kupitishia moshi, kiko chenyewe chenye maji, shilamu ya kutia mdomoni, na malio, ule mlio wa maji mvutaji avutapo. Msamiati huo ni wa watu walioitazama tumbaku kwa jicho la fundi, na inasikitisha kwamba shisha, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, ilitujia na jina la Kiajemi lenye maana ya kioo tu, na vijana wakaipokea wasijue kwamba babu zao walikwisha kuitaja kwa ukamilifu. Lakini bori ni nyumba ya kaa la moto, na chombo hiki hakina bori. Tukikiita kiko tutakuwa tumerudisha moto mlangoni baada ya kuutoa dirishani.

Mimi ninapendelea "kivukizi". Kitenzi "vukiza", ambacho wengine hutamka "fukiza", ni kufanya kitu kitoe mvuke au harufu, kama mama wa pwani afukizavyo nguo kwa udi na ubani juu ya chetezo. Na umbo la jina lenyewe si geni, kwani tunalo "kiyoyozi" madukani na maofisini, na hakuna anayelishangaa. Mwanakemia atanisahihisha, na atakuwa na haki, kwamba kitokacho kinywani si mvuke mtupu, bali ni matone madogo mno yaliyoelea hewani, mfano wa ukungu wa mwezi wa Julai unaofunika mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika asubuhi. Hilo ni kweli, na neno "ukungu" ndilo litumiwe kwa kile kinachotoka. Ila kazi ya chombo ni kuvukiza, na chombo huitwa kwa kazi yake.

Iko faida nyingine katika jina hili, ambayo sikuitafuta. "Vuka" ya mvuke na "vuka" ya mto zimekutana kwa sauti ingawa zimeachana kwa maana, hata "kivukizi" kikakaribiana na "kivuko". Kivuko cha Likoni hupandwa ng'ambo hii ili mtu ashuke ng'ambo ya pili. Hakuna ahamiaye ndani yake na kitanda. Mwaka 2019 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti uliofanywa Uingereza juu ya watu 886 waliotaka kuacha sigara, nusu yao wakapewa vivukizi na nusu wakapewa badali nyingine za nikotini, kama vile bandiko la ngozi na ubani wa kutafuna. Baada ya mwaka mmoja, 18 katika kila 100 wa vivukizi walikuwa wameacha sigara, na wa badali nyingine walikuwa kama 10. Huo ni ushindi wa dhahiri. Lakini miongoni mwa hao walioshinda kwa kivukizi, 80 katika kila 100 walikuwa bado wanacho mkononi, hali wale wa bandiko na ubani waliokuwa bado wanazitumia badali zao walikuwa 9 katika 100. Walivuka moshi, nao wengi wao wangali ndani ya chombo.

Hapa ndipo wenye elimu walipotengana. Serikali ya Uingereza, mwezi Aprili 2023, ilitangaza kuwapa wavutaji milioni moja vivukizi bure ili waache sigara. Mwezi Desemba mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likatoa wito wa kuvidhibiti upesi, likisema kwamba havijathibitika kuwasaidia watu kuacha kwa kiwango cha umma mzima, na kwamba vinawanasa watoto. Uganda ilikwisha kuvipiga marufuku kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015. Nionavyo mimi, kila upande unamzungumzia mtu mwingine. Serikali ya Uingereza imemkusudia mvutaji wa miaka ishirini ambaye kifua kimeanza kumlilia. Shirika limemkusudia mwanafunzi wa chuo, awe wa Thika au wa Ruiru, ambaye hakuwahi kushika sigara maishani mwake na amepewa kijiti chenye ladha ya embe na rafiki yake hosteli. Mtu huyu wa pili hayuko ng'ambo hii ya maji, kwa hiyo hana safari ya kivuko, na kumwambia kuwa amepata "msaada wa kuacha" ni kulitumia neno mahali pasipo maana yake.

Nimeandika haya nikiwaza mji wa Thika, ambako majani ya tumbaku ya wakulima wa mbali kama Migori huletwa katika kiwanda cha kampuni ya BAT, ubale wa jani ukatenganishwa na uti wake kabla ya kwenda kufanywa sigara. Mji unaoijua tumbaku kwa karibu namna hiyo wastahili kuwa na maneno kamili ya kuiachia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulihesabu Wakenya wazima milioni 2.5 watumiao tumbaku, na neno moja, "kuacha", ndilo wanalopewa wote. Mimi ningeligawa mara mbili: kuacha moshi, na kuacha nikotini. La kwanza laweza kutimia siku moja, kwa kivukizi au kwa bandiko. La pili huchukua miezi, kwa kupunguza miligramu kidogo kidogo, na ndani yake mna arosto, ile hali ya kukosa usingizi, hasira za bure na njaa isiyo na mwisho, ambayo vijana wa pwani wameipa jina ilhali vitabu vingi vya afya vingali vinaizunguka kwa maelezo. Na mtu avutaye sigara asubuhi na kivukizi jioni hajaacha lolote kati ya mawili, hata akijiona yuko njiani.

Kwa hiyo, ewe msomaji uliyeazimia kuacha, ukifika mbele ya tabibu usimwambie tu kwamba umeacha. Mtajie tarehe mbili: siku uliyovuta moshi wa mwisho, na siku uliyokusudia kukiweka chini kivukizi, na kama ya pili bado hujaiweka, iwekeni pamoja kabla hujatoka chumbani mwake.