Jazi Ilivyoingia Chuo Kikuu

Mwaka 1947, katika mji wa Denton, Texas, chuo cha ualimu cha North Texas kilianza kutoa shahada kwa wanamuziki wa jazi, lakini neno "jazi" halikutajwa katika jina la shahada hiyo. Masomo yaliitwa "bendi ya dansi", maana jazi lilikuwa neno la vilabuni na wasomi wengi hawakutaka kulisikia. Mwalimu Gene Hall, aliyeyaanzisha, alikuwa ameshaandika tasnifu kuhusu namna ya kuufundisha muziki huo. Bendi kuu ya chuo hicho hadi leo inaitwa kwa saa yake ya mazoezi, One O'Clock, yaani saa saba mchana.

Linaloumiza ni kwamba mwaka huo chuo hicho hakikuwa kikipokea wanafunzi weusi. Muziki uliozaliwa na watu weusi wa Marekani ukawa unasomewa shahada mahali ambapo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuketi darasani. Historia ya somo hili lazima ianze na ukweli huo.

Wao walikuwa na madarasa yao. Jimmie Lunceford, mhitimu wa Chuo cha Fisk, alifundisha katika sekondari ya Manassas huko Memphis miaka ya 1920, akaigeuza bendi ya wanafunzi kuwa mojawapo ya bendi kubwa za nchi. Huko Chicago, Walter Dyett alilea kizazi baada ya kizazi cha wanamuziki katika sekondari ya DuSable. Mpiga saksafoni Charlie Parker alijifunza kwa sikio: mwaka 1937, akiwa kijana wa Kansas City, alizikariri solo za mpiga saksafoni mwenzake, Lester Young, kutoka kwenye santuri, noti kwa noti. Kukariri kwanza, kubuni baadaye. Ndivyo hata malenga wetu walivyokuzwa.

Ulaya ilikuwa imeshajaribu kabla ya Denton. Mwaka 1928 Bernhard Sekles, mkuu wa Chuo cha Muziki cha Hoch huko Frankfurt, alifungua darasa la jazi na kumkabidhi Mátyás Seiber, Mhungari kijana. Kelele zilikuwa kubwa, nyingine za kibaguzi waziwazi. Manazi waliposhika madaraka mwaka 1933 walilifunga darasa hilo.

Boston ilishika njia ya kuandaa watu kwa kazi ya muziki. Lawrence Berk, mhandisi aliyekuwa pia mpiga piano, alifungua shule yake mwaka 1945, na mwaka 1954 akaipa jina la Berklee, kutokana na jina la mwanawe Lee. Wengi wa wanafunzi wa mwanzo walikuwa askari waliorudi kutoka vitani, wakilipiwa ada na serikali. Gitaa lilipokubaliwa kuwa ala kuu ya masomo, muziki wa pop na roki nao ukapata mlango.

Lakini mahali ninapopaheshimu kuliko pote ni Lenox, Massachusetts. Kuanzia 1957 hadi 1960, kwa wiki chache za kiangazi, mpiga piano John Lewis aliwakutanisha wanamuziki wakubwa na wanafunzi katika shule ndogo ya jazi. Mwaka 1959 alikuja Ornette Coleman na saksafoni yake ya plastiki. Alihesabiwa kuwa mwanafunzi, ila alipopuliza, walimu nao walikuwa na la kujifunza. Miongoni mwa wanafunzi wenzake alikuwemo mpiga tromboni kutoka Indianapolis, David Baker.

Baker aliumia taya, ikambidi kuiacha tromboni na kushika selo. Mwaka 1968 alianzisha masomo ya shahada ya jazi katika Chuo Kikuu cha Indiana, na vitabu vyake vikasambaa mashuleni. Mwindiana mwenzake, Jamey Aebersold, alitoa mwaka 1967 santuri yenye piano, besi na ngoma tu, bila mpiga solo, ili mwanafunzi aijaze nafasi hiyo akiwa nyumbani. Mafundisho yaliyoenea vyuoni yalikuwa na msingi mmoja: kila akodi ina ngazi yake ya noti, na anayezijua ngazi hizo katika funguo zote 12 hatapotea njiani.

Njia hiyo inafaa kwa kuwa inapimika, na chuo kikuu hupenda kinachopimika. Lakini ngazi za noti hazifundishi namna ya kunyamaza, wala kumsikiliza mpiga ngoma, wala kumjibu mwenzako. Baker aliujua upungufu huo, akawataka wanafunzi waandike solo za wakubwa kwa kuzisikiliza. Anayeruka hatua hiyo hupiga noti sahihi zisizosema neno.

Barani Afrika somo hili lilianzia Durban. Mwaka 1983, ubaguzi wa rangi ukiwa bado umeshika hatamu, mpiga piano Mmarekani Darius Brubeck alianza kufundisha jazi katika Chuo Kikuu cha Natal. Mwaka 1988 bendi ya wanafunzi wa rangi mbalimbali, The Jazzanians, ilisafiri hadi Marekani, mpiga saksafoni Zim Ngqawana akiwa miongoni mwao. Alikuwepo pia Johnny Mekoa, mpiga tarumbeta aliyekuwa ameshapiga muziki miaka mingi kabla ya kuingia darasani akiwa mtu mzima. Kutoka Natal alikwenda Indiana kwa Baker, kisha akarudi nyumbani, na mwaka 1994 akafungua shule ya muziki kwa watoto wa Daveyton, karibu na Johannesburg.

Kwetu neno "jazz" lilibandikwa kwenye majina ya bendi, kama Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, ingawa muziki ulikuwa dansi. Hata hivyo kubuni papo kwa papo kulikuwepo, katika gitaa la solo la Mbaraka Mwinshehe na katika taksimu, yaani solo huru, ya kanuni, ala ya nyuzi ya taarab. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Zanzibar, kinafundisha taarab darasani. Lakini wapiga solo wa bendi zetu za dansi wanazidi kupungua. Vyuo vikuu vyetu viwaite sasa, waje na magitaa yao, wawe wana vyeti au hawana, na wanafunzi waketi mbele yao na kusikiliza.