Kundi Lisilotaka Pengo Angani: Historia Fupi ya CGMS

Mwaka 2016 watafiti walichapisha orodha ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilishika nafasi ya kwanza. Ya pili ilikwenda Kabare, teritwari inayopakana na jiji la Bukavu, mashariki mwa Kongo: mimweko zaidi ya 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Mtu wa Kadutu, wilaya ya Bukavu, anayelala chini ya mabati msimu mzima wa mvua, hakuwa na haja ya kuelezwa. Kilichokuwa kipya ni hesabu yenyewe. Ilitokana na vipimo vya miaka 16 vya TRMM, setilaiti ya Marekani na Japani iliyorushwa Novemba 1997.

Kwa tabianchi, hata hivyo, haitoshi kurusha chombo kimoja na kupiga makofi. Wataalamu wakitaka kusema jambo la maana kuhusu tabianchi ya mahali, huanza na miaka 30 ya vipimo, na setilaiti nyingi hufa kabla ya kufika nusu yake. Kwa hiyo lazima awepo wa kuhakikisha kwamba moja ikizimika nyingine iko tayari, hata kama ni ya nchi nyingine. Kwa setilaiti za hali ya hewa, kazi hiyo imekuwa mikononi mwa kundi ambalo wengi hawajawahi kulisikia: CGMS, Kundi la Uratibu wa Setilaiti za Hali ya Hewa, lililotimiza nusu karne Septemba 2022.

Lilizaliwa Washington mwezi Septemba 1972, katika kikao cha Wamarekani, Wajapani na shirika la anga la Ulaya la wakati huo. Mwaka uliofuata Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) liliingia, na Muungano wa Kisovieti pia. Vita Baridi vilikuwa bado vinaendelea, lakini wingu halina pasipoti, na kila upande ulihitaji picha za mwenzake. Mpango ulikuwa kuzungushia ikweta setilaiti tano, kila moja kwenye kimo cha karibu kilomita 36,000, mahali ambapo chombo huzunguka kwa mwendo uleule wa dunia na hivyo kuonekana kama kimesimama. Wamarekani wangesimamisha mbili, Ulaya moja, Japani moja, na Wasovieti moja juu ya Bahari ya Hindi.

Ya Wasovieti haikuwahi. Jaribio kubwa la kuchunguza anga la dunia nzima lilikuwa limepangwa kuanza mwishoni mwa 1978, na upande wa mashariki wa Afrika ungebaki gizani. Marekani ikaisogeza setilaiti yake kuukuu, GOES-1, hadi juu ya Bahari ya Hindi, na Ulaya ikaiendesha kutoka Hispania. Setilaiti ya Urusi ya kazi hiyo ilipaa mwaka 1994 tu. Kuchelewa kwa miaka 16 si jambo dogo, lakini kundi halikuvunjika.

Kuazimana kukawa desturi. Marekani ilipobaki na setilaiti moja tu ya kusimama juu ya ikweta, Ulaya iliisogeza Meteosat-3 upande wa Atlantiki ya magharibi kuanzia 1991, ikawasaidia Wamarekani katika misimu ya vimbunga. Mwaka 2003 ikawa zamu ya Japani: yake ilikuwa imechoka, na Marekani ikaipa GOES-9. Upande wetu, Meteosat-5 ilihamishiwa Bahari ya Hindi mwaka 1998 kwa ajili ya utafiti mmoja, na tangu hapo Ulaya haijaacha kuweka chombo pale. Ndiyo maana mawingu ya Kivu, eneo la Bukavu, hutazamwa kutoka pande mbili: magharibi, juu ya Ghuba ya Guinea, na mashariki, juu ya bahari.

Mwaka 1992 kundi lilibadili jina ili kuingiza setilaiti zinazopita kwenye ncha za dunia, na polepole tabianchi ikachukua nafasi kubwa katika vikao vyake. Hapo ndipo lilipozuka tatizo ambalo kuazimana hakungelimaliza. Vyombo viwili vya viwanda tofauti vikipima joto la wingu moja vinaweza kutofautiana, kama mizani mbili za wauza nyama katika soko la Kadutu, na tofauti hiyo ndogo ikadhaniwa kuwa ni dunia iliyopata joto. Mwaka 2005 CGMS na WMO walianzisha mfumo wa GSICS, unaolinganisha vipimo vya setilaiti za nchi mbalimbali. Hauna mvuto wa kuweka gazetini, lakini bila huo mfululizo wa vipimo vya miaka mingi hauaminiki.

Afrika iliingia katika habari hii kama mpokeaji. Meteosat ya kizazi cha pili, iliyorushwa Agosti 2002, ilituma picha kila baada ya dakika 15, na mitambo ya zamani ya kupokelea isingefaa tena. Mradi wa PUMA, kati ya 2001 na 2005, uligawa mitambo mipya kwa idara za hali ya hewa barani kote. Kwa Kongo mlango wa habari hizo ni Mettelsat, shirika la serikali lenye makao Kinshasa.

Kutoka Kinshasa hadi Kadutu ni mbali, na si kwa kilomita tu. Mfano ni Funu, mtaa wa Bukavu uliojengwa juu ya poromoko kubwa la ardhi linalotambaa taratibu. Mwaka 2022 watafiti wa Ubelgiji, wakishirikiana na wenzao wa Kongo na wa nchi nyingine, walichapisha historia ya mwendo wake kwa zaidi ya miaka 70, wakiunganisha picha za ndege za zamani na vipimo vya rada za setilaiti. Walionyesha kwamba kupanuka kwa mji wenyewe kumeubadili mwendo huo. Rada inaweza kuona ardhi ikisogea sentimita chache. Mifereji ya maji ya Funu haichimbwi na rada.

Meteosat-12, iliyorushwa Desemba 2022, ina kamera nne zinazohesabu radi bila kupumzika, Kabare ikiwemo. TRMM ilipita tu na kwenda zake. Wanachama wa CGMS bado ni mashirika ya Marekani, Ulaya, Urusi, China, India, Japani na Korea Kusini, pamoja na yale ya Umoja wa Mataifa. Hakuna shirika la nchi ya Afrika. Shirika la Anga la Umoja wa Afrika lilifungua makao yake Cairo mwezi Aprili 2025.