Mpigaji wa 27: Toronto Blue Jays na michezo iliyoponyoka mwishoni

Klabu ya besiboli ya Toronto Blue Jays ilianza kushiriki ligi kuu ya Marekani na Kanada mwaka 1977. Tangu hapo hadi mwisho wa msimu wa 2024 imecheza maelfu ya mechi na kutwaa ubingwa wa dunia mara mbili mfululizo, 1992 na 1993. Lakini katika orodha ya michezo ambayo mrushaji aliimaliza bila kuruhusu pigo hata moja, jina la klabu hii limeandikwa mara moja tu: 2 Septemba 1990, mjini Cleveland, mrushaji Dave Stieb, ushindi wa 3-0. Mtu akiisoma orodha hiyo na kuifunga, ataondoka akiamini kwamba Toronto haijawahi kuwa na warushaji wa kutisha. Atakuwa amedanganyika. Historia ya kweli ya mikono iliyorusha mipira Toronto imo katika michezo ambayo orodha haikuiandika, ile iliyoponyoka dakika za mwisho, na hoja ya makala haya ni kwamba michezo hiyo inatufundisha mengi kuliko ule mmoja uliokamilika.

Kwa msomaji aliyelelewa na soka, mambo yako hivi. Mrushaji husimama mita 18 na ushei kutoka kwa mpigaji, akamtupia mpira, naye mpigaji akajaribu kuupiga kwa gongo. Kila mpira mzuri anaoukosa au kuuacha ni straiki, na straiki tatu zinamtoa. Mechi ina duru tisa, na katika kila duru timu inayorusha inapaswa kuwatoa wapinzani watatu, jumla 27. Mpigaji akiupiga mpira kisha akafika kituo cha kwanza salama, bila walinzi kufanya kosa, hilo huhesabiwa kuwa pigo halali. Mrushaji akifika mwisho bila pigo halali hata moja, amecheza mchezo bila pigo. Asipofika kituoni mtu yeyote kwa njia yoyote ile, huo ni mchezo kamili. Tusiufananishe mchezo bila pigo na golikipa kutofungwa, jambo tunaloliona kila wiki. Msimu mmoja wa ligi kuu una timu 30 na mechi 2,430, na michezo bila pigo kwa kawaida huhesabika kwa vidole vya mkono.

Ugumu wake unaweza kupimwa kwa hesabu ya kawaida. Tuchukulie mrushaji hodari sana, ambaye mpigaji hupata pigo halali mara moja tu katika kila majaribio matano. Uwezekano wa kuwatoa 27 mfululizo kwa kiwango hicho ni kama mara 24 katika mechi 10,000. Sasa mchukue mrushaji huyohuyo akiwa amekwisha kuwatoa 26 na amebakiwa na mmoja. Hata hapo, mara moja katika tano atapigwa. Wengi hudhani kwamba aliyefika kwenye mpigaji wa 27 amekwisha kuvuka mto. Ukweli ni kwamba mpigaji wa mwisho ni mgumu sawasawa na wa kwanza, na mazuri yote yaliyotangulia hayampunguzii mrushaji hatari hata chembe.

Stieb alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Tarehe 24 Septemba 1988, mjini Cleveland, alikuwa mbele kwa 1-0, amekwisha kuwatoa 26, na mpigaji Julio Franco alikuwa na straiki mbili. Franco akaupiga mpira ukatambaa chini kuelekea kwa Manny Lee, mlinzi wa kituo cha pili. Ulikuwa mpira wa kawaida kabisa, wa aina ambayo mlinzi wa ligi kuu huuokota akiwa amefumba macho. Kabla haujamfikia Lee ukagonga udongo vibaya, ukaruka juu ya kichwa chake na kutua kwenye majani. Kwa kanuni za besiboli, mpira uliorushwa na udongo si kosa la mlinzi, hivyo likaandikwa pigo halali. Siku sita baadaye, 30 Septemba, nyumbani Toronto dhidi ya Baltimore Orioles, Stieb akafika palepale: watu wawili nje katika duru ya tisa na straiki mbili. Jim Traber akaugusa mpira bila nguvu, ukapaa polepole na kuanguka nyuma ya Fred McGriff, mlinzi wa kituo cha kwanza, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mechi zake mbili zilizofuatana, na zote zikaponyoka kwenye straiki ya mwisho.

Kisha ikaja 4 Agosti 1989, dhidi ya New York Yankees. Safari hii Stieb alikuwa anacheza mchezo kamili: wapigaji 26 walikuja, wapigaji 26 wakarudi. Wa 27, Roberto Kelly, akaupiga mpira kwenda kushoto akafika kituo cha pili, na aliyemfuata, Steve Sax, akampigia pigo lililomleta nyumbani kufunga. Toronto walishinda 2-1. Kwa ile hesabu yetu ya moja katika tano, mrushaji kunyang'anywa mpigaji wa mwisho mara tatu katika nafasi tatu ni jambo la mara 8 katika 1,000. Lilimpata mtu mmoja ndani ya miezi 11.

Sasa tulinganishe na ule mchezo ulioingia kwenye orodha. Mwaka 1990, katika uwanja uleule wa Cleveland alikoadhibiwa na udongo, Stieb aliwapa wapinzani vituo vya bure, yaani kufika kituo cha kwanza bila kupiga, mara nne, mmoja wao akiwa Alex Cole katika duru ya tisa, watu wawili wakiwa nje. Mpigaji aliyefuata, Jerry Browne, akaupeleka mpira uwanja wa kulia, nao ukaishia kwenye glavu ya Junior Felix. Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mpira wa Franco ulikuwa dhaifu na ukageuka pigo. Mpira wa Browne uliruka hewani hadi nje ya mstari wa walinzi wa vituo, na ukageuka mtu wa tatu kutoka. Kwa kazi iliyofanywa na mkono wa mrushaji, mchezo wa Agosti 1989, ambamo watu 26 hawakuona hata kituo cha kwanza, ulikuwa bora kuliko wa 1990. Orodha inasema kinyume, kwa sababu orodha haipimi kazi ya mrushaji peke yake. Inapima kazi hiyo pamoja na udongo, upepo na mahali walipokuwa wamesimama walinzi.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumtetea aliyeshindwa: mchezo ni kumaliza, na asiyemaliza hana cha kudai. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini inasahau mrushaji ameajiriwa kufanya nini. Kazi yake ni kushinda mechi, na mechi zote tatu za Stieb nilizozitaja Toronto walishinda. Alichokosa ni heshima ya ziada, si wajibu wake. Wengine watasema tatizo ni moyo: kwamba dakika za mwisho mkono hutetemeka. Ushahidi wa 1988 haukubaliani nao. Mrushaji aliyetetemeka hupigwa kwa nguvu, ilhali Franco na Traber waliugusa mpira tu. Brandon Morrow naye, mrushaji mwingine wa Toronto, 8 Agosti 2010 dhidi ya Tampa Bay Rays, alikuwa amewatoa wapigaji kwa straiki tatu kwa wingi wa kushangaza, hadi alipobakiwa na mtu mmoja. Evan Longoria akaupiga mpira wa chini, mlinzi Aaron Hill akajirusha, mpira ukagonga glavu yake na kuponyoka. Mpigaji aliyefuata Morrow alimtoa kwa straiki tatu, akiwa wa 17 siku hiyo, na Toronto wakashinda 1-0. Mkono uliotetemeka haufanyi hivyo.

Hata hivyo, haki inatudai tukubali upande wa pili, kwa kuwa si kila kilichoponyoka Toronto kilipeperushwa na upepo. Agosti 1985, Stieb aliingia duru ya tisa bila pigo dhidi ya Chicago White Sox, na Rudy Law akaupiga mpira ukavuka ukuta. Mwaka 2024, mrushaji Bowden Francis alifika duru ya tisa bila pigo mara mbili katika muda usiozidi wiki tatu. Tarehe 24 Agosti, Taylor Ward wa Los Angeles Angels akaufungua ukurasa huo kwa mpira uliovuka ukuta. Tarehe 11 Septemba, Francisco Lindor wa New York Mets akafanya vivyo hivyo, na Mets wakaendelea kupiga hadi wakashinda 6-2. Mpira unaovuka ukuta hauna udongo wa kuulaumu. Hapo mrushaji amechoka, na wapigaji wanaomwona kwa mara ya tatu au ya nne wamekwisha kumzoea. Lakini hata ushahidi huu unaipa nguvu hoja kwamba yaliyoponyoka yasomwe moja moja. Pigo la Lindor na pigo la Traber, kwenye karatasi, ni kitu kimoja. Uwanjani, moja lilikuwa ushindi wa mpigaji na jingine lilikuwa ajali.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: tukianza kuyaheshimu ya karibu, mpaka wa orodha utakuwa wapi? Jibu ni kwamba sitaki orodha ibadilishwe. Ninataka tukumbuke kwamba mpaka huo uliwekwa na watu. Septemba 1991, kamati ya ligi iliyoongozwa na kamishna Fay Vincent iliamua kwamba mchezo bila pigo ni ule wa duru tisa au zaidi unaoisha bila pigo, na kwa uamuzi huo michezo 50 ikafutwa siku moja. Mmoja kati ya iliyofutwa ulikuwa wa Harvey Haddix wa Pittsburgh Pirates, ambaye tarehe 26 Mei 1959 aliwatoa wapigaji 36 mfululizo katika duru 12, kiasi ambacho kinapita mchezo kamili wa kawaida kwa duru tatu nzima, kisha akapigwa na kushindwa katika duru ya 13. Orodha iliyoweza kumfuta Haddix ni chombo cha kuhesabia, na chombo hakiwezi kupewa kazi ya hakimu wa nani alikuwa hodari.

Kuiachia orodha hukumu kuna gharama. Katika miaka ya 1980, ni mrushaji mmoja tu, Jack Morris, aliyeshinda mechi nyingi kuliko Stieb. Jina la Stieb lilipopelekwa kwa wapiga kura wa Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli mwaka 2004, alipata kura saba, akaondolewa kwenye karatasi moja kwa moja. Hakuangushwa na siku zile tatu pekee, kwani maumivu yalimkatizia safari mapema. Lakini mambo makubwa aliyoyafanya yalikuwa ya aina ambayo daftari halina safu yake, na kumbukumbu ya watu hufuata safu za daftari.

Yupo mwingine aliyethibitisha jambo hili kwa maisha yake. Tarehe 27 Septemba 1998, siku ya mwisho ya msimu, kijana wa miaka 21, Roy Halladay, akiianza mechi ya pili tu katika ligi kuu, alibakiwa na mtu mmoja kukamilisha mchezo bila pigo dhidi ya Detroit Tigers. Bobby Higginson akaupiga mpira ukavuka ukuta. Halladay aliendelea kurusha Toronto hadi 2009, akawa miongoni mwa warushaji bora wa zama zake, na orodha ya Toronto haina jina lake. Mwaka 2010, alipohamia Philadelphia Phillies, alicheza mchezo kamili mwezi Mei na mchezo bila pigo wa mtoano mwezi Oktoba. Mkono ulikuwa uleule.

Na ule mpira wa Higginson haukuanguka chini. Nyuma ya ukuta, katika kizimba ambako warushaji wa Toronto husubiri zamu zao, alikuwepo mzee wa miaka 41 aliyerudi uwanjani msimu ule baada ya kustaafu miaka kadhaa. Aliunyooshea mkono mpira uliomnyima kijana jina kwenye orodha, akaudaka. Alikuwa Dave Stieb.